Kimya cha Bei Nafuu

Jumatatu, 5 Juni

Bukavu hatimaye! Vumbi la njia ya Sange nimelileta lote, kwenye kola na masikioni. Koo liko salama. Kutoka Uvira mpaka hapa nimelifunga kitambaa, na abiria wenzangu wakadhani ninaumwa meno. Wacha wadhani. Koo hili ndilo lililonitoa Kigoma.

Niandike vizuri, siku moja wajukuu waelewe. Redio ya wakulima ya hapa inatafuta msomaji wa kipindi cha migomba. Wanataka mtu ambaye Kiswahili chake kitaeleweka pande zote za ziwa Tanganyika, mpaka kwetu. Tumebaki wawili: mimi, Deogratias Kabuye, mwalimu niliyechoshwa na chaki, na kijana wa hapahapa aitwaye Cédric. Nimemsikia akisalimia. Anaongea kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni. Kazi ni yangu.

Tatizo moja tu. Studio inaezekwa upya na mafundi wako juu na nyundo zao. Maman Lucie, mkurugenzi, amesema kila mmoja wetu aende na ukurasa wake mahali palipotulia, ajirekodi kwa simu, alete Jumatatu ijayo. Kipindi kinaanza wiki hiyohiyo. Hataki kusikia hata kuku.

Kwa hiyo ninatafuta chumba kimya, cha kuaminika, cha bei ya mwalimu.

Nimekipata! Nyumba ya wageni, mtaa wa Nyawera. Mwenyewe ni Papa Pascal, mtu mwenye uso wa kuaminika. Ameweka mkono kifuani akaniapia: "Hapa iko calme, tonton. Calme sana!" Nimelipia wiki nzima papo hapo, kwa ujanja, asije akapandisha bei kesho.

Jioni. Chini ya kitanda changu, ghorofa ya chini, kuna kwaya. Mstari uleule. Wanafika katikati, wanasimama, wanaanza upya. Ningeweza kuvumilia kelele, lakini kwa nini wanasimama palepale? Nimeshuka kuuliza. Kumbe mwimba sauti nzito amesafiri, na mahali pake wanaacha pengo. Pengo! Nimeliziba. Tumeimba mpaka koo limekauka. Sijarekodi hata neno.

Papa Pascal ameshangaa malalamiko yangu. Calme, amesema, ni kwamba hakuna wezi na hakuna risasi. Kwaya ni kwaya, inahusu nini?

Jumanne, 6 Juni

Nimehama. Papa Pascal hajarudisha kitu. Amesema chumba ni changu, nirudi wakati wowote, na kwaya inaniulizia.

Niko Bagira, mbali na katikati ya mji, kwa Maman Bintu, mama mwenye chumba nyuma ya jiko. Safari hii sikudanganywa. Kabla ya kulipa nimebandika sikio ukutani, ukuta wa kwanza, wa pili, wote. Maman Bintu alinitazama kwa huruma. Akauliza kama kwetu Tanzania ndivyo tunavyosalimia nyumba. Kimya kamili. Nimelipa.

Baada ya chakula nimekaa, nimesafisha koo, nimebonyeza simu. "Ndugu mkulima, mnyauko wa migomba..." Fiii! Nimesimamisha. Kimya. "Ndugu mkulima..." Fiii, fiii, fiii! Ndege? Bawaba? Jini? Nimepiga magoti, nimeifuata sauti kwa sikio mpaka chini ya benchi la jiko.

Simbilisi! Ukoo mzima, wanono, wenye masharubu. Hapa wanawaita dende. Maman Bintu amenieleza kwamba wanaishi jikoni kwa sababu ya joto, na kwamba wakisikia mtu tu, hata mtu anayesoma, wanadhani majani yanakuja. Je, wanauma? Hapana. Wanakumbuka sura? Hajui. Mwenye doa jeupe ndiye baba yao? Hajui pia. Nimewakatia majani nipate kujua mwenyewe. Usiku umeingia. Mwenye doa ni mama.

Jumatano, 7 Juni

Hapa mgeni haachwi peke yake. Sikujua! Asubuhi nimefunga mlango ili nirekodi nje ya masikio ya dende. Mlango umegongwa. Shangazi wa Maman Bintu ameingia na kiti chake, akakaa. Nimemwuliza kama anahitaji kitu. Hapana, yeye ananikalia tu. Alipochoka, akaja binti. Binti alipokwenda sokoni, akaja jirani mwenye redio. Nimemwomba Maman Bintu, kwa adabu zote, waniache. Ameshtuka kweli. "Mugeni abakiye yeye moja? Atawaza mingi, agonjwe, tutasema nini kwabo?"

Mchana zamu ya kunikalia imemwangukia nani? Cédric! Anaishi njia ya pili. Amekuja na chupa ya asali kwa ajili ya koo langu, ameuliza habari za Kigoma, amekaa, ametabasamu. Upelelezi mtupu. Asali sitaigusa.

Nimeionja, kujua tu ni ya maua gani. Sijajua. Chupa imekwisha.

Nimelipiza kisasi. Nimewaambia watoto wa mtaani kwamba kwa Cédric kuna mtu wa redio anayesimulia hadithi, wakakae dirishani kwake, waendelee kuomba mpaka awape. Walikwenda mbio. Nikarudi ndani kutayarisha simu, nikicheka peke yangu. Kumbe Cédric amewasomea ukurasa wake wa migomba, wakampigia makofi. Kisha amewaambia kwa unyenyekevu kwamba mtu wa redio wa kweli, tena wa Tanzania, amelala kwa Maman Bintu.

Wamekuja wote. Wengine wamewaleta wadogo zao mgongoni.

Alhamisi, 8 Juni

Nina akili, lazima nikiri. Nimegundua kosa langu. Kimya hakinunuliwi, kinapewa heshima. Na mji huu unaheshimu nini? Kanisa.

Chini kabisa, karibu na ziwa Kivu, masista wana nyumba ya wageni. Vyumba vya kawaida bei yake imenitoa jasho. Lakini Sista Constance, msimamizi wa wageni, amenionyesha kwa kidole upande wa pili wa bustani: vyumba vya wanaofanya mafungo, wanaojitenga kusali. Kitanda, meza, dirisha la ziwani. Ni rahisi kuliko hata Bagira, kwa sababu chakula ni cha toba. Na anayefanya mafungo ya kimya anavaa kibao cha mti shingoni. Ukikivaa, hakuna anayekusemesha. Hakuna anayekusalimu. Hakuna anayekukalia!

Nikamnong'oneza mara moja, kulinda koo, kwamba hicho ndicho kilichonitoa Kigoma. Mafungo ya kimya, mpaka Jumatatu. Mimi ni Mkatoliki, si uwongo. Nilibatizwa, na Krismasi huwa naenda. Sista Constance ameguswa. Amesema wanaume wanaoomba kimya ni wachache sana, wengi wanakuja kuongea. Amenivika kibao kwa mikono yake.

Tangu hapo hakuna neno. Mtunza bustani ameniona, akageuza uso kwa heshima. Paradiso! Leo nimepumzisha koo.

Ila jambo moja. Alasiri Sista Constance ameshuka ngazi za ziwani na kikapu kilichofunikwa kitambaa. Amerudi bila kikapu. Baadaye ameshuka mikono mitupu, amerudi na kikapu kinadondosha maji. Kuna nini mle? Siwezi kuuliza! Nimekaa dirishani, ulimi unawasha.

Ijumaa, 9 Juni

Asubuhi, kazi. Nimefunga dirisha na mlango, nimejifunika shuka kichwani pamoja na simu, na nimesoma kwa ile sauti yangu ya chini, yenye mamlaka. "Usionee huruma! Kata usawa wa udongo! Pitisha panga motoni!" Inasisimua. Nimeirudia mara kadhaa, kila mara kwa ukali zaidi, maana mnyauko si mchezo.

Nyuma ya mlango nikasikia hatua. Zikakimbia. Zikarudi zikiwa nyingi.

Kupitia tundu la ufunguo nimewaona: Sista Constance, Mère Olive ambaye ndiye mkubwa wao, na masista wengine. Wananong'ona. Nimebandika sikio. Sista Constance anasema mutu wa Mungu anapigana, tena na shetani mukubwa, amemusikia akiitaja panga. Mère Olive amesema wasinisumbue, wasivunje kimya changu. Lakini pia wasiniache peke yangu vitani.

Basi wameleta viti. Wamekaa nje ya mlango wangu na wanasali rozari. Kwa zamu! Tangu asubuhi mpaka giza, Salamu Maria baada ya Salamu Maria, kwa sauti laini, nzuri, isiyokatika. Inaingia kwenye simu vizuri kuliko mimi. Siwezi kuwaambia waache, nimefunga kusema. Nimetoka nikaonyesha kwa mikono kwamba niko salama kabisa. Wamelia kwa furaha, wakaongeza fungu jingine la shukrani.

Wema wao umenigusa, sikatai. Lakini Jumatatu iko karibu! Na kama sipati kazi hii, narudi kwa kidato cha pili na vitenzi vyao.  

Kikapu kimeshuka tena. Kimerudi kinadondosha.

Jumamosi, 10 Juni

Ushindi! Ushindi kamili!

Nilizunguka kila kona kutafuta mahali. Ghala la viazi: panya. Bustani: nyuki. Kanisani: mwangwi unaonifanya niwe watu watatu. Kisha macho yakaangukia kitubio. Kibanda cha kuungamia, cha mbao nene, pazia zito, hakina dirisha. Studio! Nimeingia upande wa mwenye dhambi, nimepiga magoti, nimetoa simu.

Sikujua kwamba Jumamosi ni siku ya maungamo. Kimlango cha upande wa pili kimefunguka. Ni Abbé Élie, padri wa hapo, mzee mwenye pumzi ndefu. Amesubiri niseme. Nimesogeza kibao kwenye wavu, akione. Amekiona. Amenipongeza, halafu akanieleza taratibu kwamba kwenye kitubio kimya hakihusiki. "Humu unaweza sema, Papa. Humu njo mahali pa kusema."

Nikatafuta dhambi ya haraka. Nimeungama asali. Ameuliza asali gani. Nimesema ya Cédric. Cédric ni nani? Ni mtu ninayemtakia mema, lakini asipate kazi fulani. Kazi gani? Hapo nikakohoa sana. Abbé Élie akaniambia nimtakie Cédric mema yote, bila kubakiza, na hiyo ndiyo iwe toba yangu. Akaniondolea dhambi, akasema anakwenda kunywa maji kidogo.

Alipotoka tu, nikabonyeza simu. Nimesoma ukurasa mzima kuanzia mwanzo mpaka mwisho! Hakuna kuku, hakuna dende, hakuna rozari. Sauti imetoka nene, safi, ya karibu. Nimeisikiliza nikatokwa machozi. Kama ningekuwa mgomba ningepona.

Nje, mstari wa waumini ulikuwa umefika mlangoni. Walinitazama kwa mshangao mkubwa. Bibi mmoja alimwambia mwenzake kwamba mtu akiungama muda wote ule, ama ametenda yote ama hakusahau hata moja. Nimeinamisha kichwa nikapita.

Toba nitaitimiza baada ya matokeo.

Jumapili, 11 Juni

Misa. Maandamano ya Ekaristi, maua njiani, tarumbeta. Nimeandamana na kibao changu, watu wananipisha. Na nani namwona kwenye benchi la mbele? Maman Lucie! Mkurugenzi wa redio! Kumbe anasali hapa kila Jumapili.

Amefurahi kuniona. Amefungua mdomo kunisalimia, macho yakaangukia kibao, akaziba mdomo kwa kiganja. Amerudi nyuma hatua kadhaa. Nimempa tabasamu la mtu mwenye nidhamu. Mwajiri yeyote anapenda nidhamu!

Kisha Sista Constance amemshika mkono, wakaenda pembeni. Wamenong'ona muda mrefu wakinitazama. Wanasema nini? Nimejisogeza kwenye nguzo, nikajifanya ninasoma majina ya wafadhili. Tarumbeta! Sikusikia kitu. Nimeona tu Maman Lucie anafuta macho. Sifa zangu, bila shaka.

Halafu wamenijia wote wawili. Sista Constance ameniuliza kwa upole, mbele ya Maman Lucie, kama ninataka kuongeza kimya changu. Mwezi mzima. Chumba kilekile, bei ileile, niitikie tu kwa kichwa.

Nimepiga hesabu upesi. Kesho napata kazi. Nikipata kazi nitahitaji mahali pa kuishi Bukavu. Wapi pengine nitapata kimya kwa bei hiyo, na ziwa dirishani? Mchana nitasoma redioni, jioni nitavaa kibao. Nani atajua?

Nimeitikia kwa kichwa. Kwa nguvu, asije akabadili bei. Maman Lucie amepiga ishara ya msalaba.

Jumatatu, 12 Juni

Naandika yote kama yalivyokuwa.

Nimefika redioni nimevaa shati la mikono mirefu, simu mkononi. Paa limekwisha. Ndani, Cédric amekaa mbele ya kipaza sauti, anaonyeshwa jinsi ya kukisogeza.

Maman Lucie amenipokea kwa mikono miwili. Ameongea taratibu, na hakunipa nafasi ya kujibu, maana hakutegemea jibu. Amesema jana hakulala. Amesema alitaka sauti yangu, hata wenzake wote waliitaka, tangu siku ya kwanza. Lakini ameniona kwa macho yake nikimpa Mungu sauti hiyo mwezi mzima, na kipindi kinaanza wiki hii. Yeye ni nani amnyang'anye Mungu kitu? "Kile mutu amepatia Mungu, Papa, siwezi kiomba."

Nilifungua mdomo. Nikawaza. Nikisema ninaweza kusoma, basi nilimdanganya Mungu. Nikisema lile lilikuwa suala la bei ya chumba, basi nilimdanganya Mungu kwa ajili ya bei ya chumba. Nimeutafuta mlango wa tatu. Haupo! Nimefunga mdomo.

Nimeitikia kwa kichwa.

Nimemnyooshea simu, angalau asikilize. Aliirudisha mkononi mwangu bila kuifungua, kwa heshima. Cédric amesimama akanikumbatia. Ameniomba nimtaje katika sala zangu, kwa sababu ana woga. Uso wake ulikuwa umesawajika kwa hofu kweli. Nimejaribu kumchukia nikashindwa, na hilo limeniumiza zaidi.

Nimerudi kwa masista kuchukua mkoba. Njia nzima nimejihurumia. Kazi imekwenda, kidato cha pili kinaningoja, na sauti safi kuliko zote imelala mfukoni bila msikilizaji.

Kwenye ngazi nimekutana na Sista Constance anapanda na kikapu. Kinadondosha maji. Nilijizuia. Naapa nilijizuia! Lakini mtu aliyepoteza kila kitu ana haki ya kujua kitu kimoja. Nikauliza, kwa sauti kamili, kuna nini humo.

"Maziwa, Papa. Courant ya umeme imekosa, tunaipoozesha mu ziwa."

Maziwa!

Kisha akagundua kwamba nimesema. Nikangoja ghadhabu. Badala yake aliweka kikapu chini, akanitazama kwa mshangao wa kweli.

"Papa, kumbe uko na sauti ya muzuri vile! Mbona haukuipeleka ku radio?"

Jumatano, 14 Juni

Uvira. Mambo si mabaya hata kidogo!

Kwenye gari nimesikia kwamba redio moja ya hapa inatafuta msomaji wa habari za ziwa. Majaribio ni Ijumaa. Nimepiga simu, nimetaja jina langu, wameniandika. Sasa ni suala la chumba tu.

Njia nzima nimechambua yaliyotokea Bukavu, kwa utulivu, bila kujionea haya. Kosa lilikuwa kibao. Kibao kinawafanya watu wakuheshimu, na wakikuheshimu wanakusaidia. Hapa nimepata dawa. Nilipofika kwenye nyumba ya wageni, Papa Patrice, mwenye nyumba, aliponisalimu, nilionyesha sikio nikatikisa kichwa. Kiziwi! Hakuna anayegonga mlango wa kiziwi. Hakuna anayemkalia wala kumwimbia. Wameniwekea sahani, wamekwenda zao. Bei imeshuka pia, kwa huruma.

Na faida ambayo sikuitazamia: wanasema yote mbele yangu! Nimejua nani bado anamfuata mke wake wa zamani, na kwa nini mpishi halali nyumbani. Papa Patrice amesema pia kwamba mama wa redio hiyo, anayesimamia majaribio, amefikia hapahapa, chumba kinachofuata changu. Bahati iliyoje! Atajionea mwenyewe kwamba mimi ni mtu mtulivu.

Sasa hivi naandika sebuleni. Mama wa redio ameingia, daftari la wageni mkononi. Ameuliza kwa sauti, kwa upole tu, kama Deogratias Kabuye yuko hapa. Ameuliza tena, akiwa karibu na kiti changu. Sikutikisa hata shingo.

Najifunza haraka.